Marehemu Kumi na Mmoja Darasani

Jumatatu ya mtihani, mwaka 1961, Clotilde Musonda alichonga penseli mbili akakaa benchi la mbele. Gazeti moja la Elisabethville lilikuwa limefungua mafunzo ya miezi sita kwa waandishi wa habari. Wanafunzi walikuwa tisa, mwanamke yeye peke yake, na kadi ya mwandishi ilikuwa moja tu, ya atakayepata alama ya juu. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuwapigia chapa wanaume hao hao habari zao.

Mwalimu, Monsieur Stanislas, aliwagawia tangazo la serikali: Jumamosi askari walifyatua risasi Ruashi, wakafa watu wawili, wote wahuni.

"Mufanye article na ile," alisema. "Muko na saa mbili."

Saa nne marehemu wa Ruashi wakaingia, kumi na mmoja. Mwalimu aliwaomba wafute miguu, kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa nta asubuhi ile. Wanaume waliinamia karatasi zao. Tangazo lilikuwa limeshawapa kila kitu. Clotilde aliwasogezea wageni benchi.

"Jina yako, Tata?"

"Floribert Kalenga. Fundi ya viatu."

"Risasi ilikukuta wapi?"

"Ku mulango ya nyumba. Nilikuwa nafunga, juu ya batoto."

Kila jibu aliliuliza mara mbili, kama alivyofundishwa. Mado, muuza mikate aliyeketi karibu na Floribert, alitaka apunguziwe umri kwa miaka mitano. Clotilde alikataa. Mado akacheka.

Muda ulipokwisha, mkurugenzi wa gazeti akaja. Aliisoma kazi ya Clotilde akiwa amesimama.

"Serikali inasema bawili."

"Bale banasema kumi na moya, Monsieur. Beko hapa, unaweza kubauliza."

Mkurugenzi hakuwauliza. Monsieur Stanislas ndiye aliyeichukua ile karatasi, akasoma majina yote kwa sauti, polepole, na kila aliyetajwa akainuka. Kisha akaandika alama: kumi na tisa juu ya ishirini. Mkurugenzi akatia saini kadi, maana kanuni za mtihani alizitunga mwenyewe. Marehemu wakampigia Clotilde makofi, wakamsindikiza hadi kwake Bel-Air wakiimba, na watu wa baiskeli wakawapisha.

Jumanne gazeti lilichapa tangazo kama lilivyokuwa: wawili, wahuni.

Jumatano Clotilde alifika kazini akakuta mlolongo mrefu mlangoni. Walikuwa marehemu wa upande wa Kinsevere, wakimuuliza mlinzi yuko wapi yule mama anayeandika majina vizuri. Clotilde alivua koti, akafungua mlango wote.

"Muingie moya moya," alisema. "Nafasi iko."