Sakafu ya Bi Mashavu

Tangu miguu ilipomkataa, Bi Mashavu alikuwa hajashuka ngazi za nyumba yake ya Mkunazini, na alikwisha kusema, mbele ya wanawe wawili na jirani akisikia, kwamba akitoka chumba kile cha juu atatoka kwa jeneza, si kwa kiti. Kwa hiyo siku bonge la sakafu ya juu, ile iliyokuwa paa la chumba, lilipodondoka kitandani, shubiri moja kutoka kwenye mto wa kichwa, haikuwa tena habari ya nyumba mbovu. Ilikuwa habari ya wapi atalazwa masika yakishuka.

Mwanawe mkubwa, Msabah, aliyekuwa kibarua Kizimbani na kulala huko siku sita katika saba, alikuwa na jawabu lake tayari: apelekwe Jang'ombe kwa wakwe zake yeye Msabah, chumba kimoja, humo mna watu saba. Time, binti wa Bi Mashavu, ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimgeuza, akimkanda miguu isiyojua kuwa inakandwa. Time aliomba kwanza wajaribu kuijenga upya sakafu ya juu ya chumba kile.

"Kwa nini?" aliuliza Msabah. Hakuuliza sababu. Aliuliza kwa kitu gani.

"Kidogo kidogo," alisema Time.

Na kidogo kidogo ikawa. Nyumba zile hazina paa la kuinama. Juu hulazwa boriti, juu ya boriti mawe bapa, na juu ya mawe chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Kisha hupigwa. Wanawake huketi kwa safu, kila mmoja na kibao chake, wakapiga mchana kutwa siku tatu, chokaa ikinyunyizwa maji, mpaka yote ishikane iwe kama jiwe moja. Ikiachwa njiani hukauka na matundu yake ndani, na kazi yote imekwenda bure. Anayepiga sakafu halipwi. Hulishwa, na hulishwa wali.

Time alikuwa mshona kofia. Alishona kofia mwaka mzima, na kila kofia iliyotoka mkononi mwake alijua imekwenda wapi: hii boriti, hii chokaa, hii mwenye gari la ng'ombe aliyeleta udongo. Chokaa aliilaza shimoni uani, akaimwagia maji na kuifunika magunia, kama alivyomwona babake akifanya. Babake, marehemu Makungu, alikuwa mwashi, na sakafu nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Kofia ziliisha zikiwa zimefika boriti saba. Zilihitajika tisa. Zile mbili zilizopungua alizichagua katika za zamani, akazigeuza upande uliokuwa mzima ukatazama chini, akajiambia kuwa zitashika.

Mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na moja, sakafu ya zamani ikabomolewa. Kitanda cha Bi Mashavu kilisogezwa pembeni, chini ya maturubali. Alilala akitazama mbingu ukingoni mwa maturubali, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akasema, "Kumbe kunguru bado wapo."

Boriti, mawe na chokaa vilipokwisha kulazwa, siku ya kwanza ya kupiga walikuja wapigaji kumi na wanne. Kiongozi wao alikuwa Biasha, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka Mpendae. Banu, binti wa mzee Taherali mwenye duka la vitambaa nyumba ya pili, naye alipanda na kibao cha kufulia nguo, akakaa mwisho wa safu.

"Banu, kibao hicho si cha kazi hii," alisema Biasha.

"Hata mikono hii si ya kazi hii, Bi Biasha. Lakini nimekuja nayo."

Wakacheka, wakapiga. Mchele mwaka ule ulikuwa wa foleni, na Time alikuwa ameuficha wa wiki mbili kwa ajili ya siku hii moja. Alipika wali akaumaliza wote, mpaka ukoko ukaliwa.

Jioni kabla hawajashuka, Time alichukua kibao cha babake akagonga sakafu mara tatu, akasubiri. Huo ulikuwa mtindo wa marehemu. Yeye mwenyewe hakuliamini sikio lake akiwa juu. Alikuwa akimweka mkewe chini, chumbani, asikilize. Sakafu mbichi hulia du, kama mtu apigaye godoro. Iliyoiva hulia kengele, kama mtungi mtupu. Bi Mashavu alijibu kwa bakora yake kwenye mguu wa kitanda. Mlio mmoja maana yake bado, miwili, imeiva.

Ulikuja mmoja.

"Bado," alisema Biasha. "Mamako hana huruma."

Siku ya pili Time alipika muhogo kwa nazi. Walikuja wanane. Wengine walikuwa na foleni zao za kusimama, na haya ya kusema hayo hawakuwa nayo, kwa kuwa kila mtu aliyajua. Biasha alitunga papo hapo, na safu ikamwitikia kwa vibao:

*Sakafu yataka mkono, mkono nao wataka wali,*
*Ukitulisha maneno, tutakupigia kwa mbali.*

Ilikuwa mzaha. Time alicheka pamoja nao, huku ameutia uso kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia. Jioni aligonga mara tatu. Bakora ikajibu mara moja.

Siku ya tatu kulikuwa na mkate mkavu na chai ya rangi, na wapigaji wanne, Time akiwemo. Wanne hawapigi sakafu ya chumba. Wakipiga hapa, kule kunakauka. Wakihamia kule, hapa kumekwisha kushika vibaya. Time alikuwa akitambaa na ndoo kutoka pembe hadi pembe, akinyunyiza, akiona ufa mwembamba kama uzi wa kofia umejichora katikati, akiupiga ukafa, ukazuka mwengine nyuma yake. Upande wa mashamba wingu lilikuwa limeinuka.

Saa saba mchana gari la punda likasimama chini, na Msabah akapanda ngazi na mfuko wa saruji begani. Akautua, akarudi, akaja na wa pili.

"Hodi wenyewe. Shikamoo Bi Biasha."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea mchele?"

"Nimeleta kinachofunga midomo zaidi." Aliketi juu ya mfuko akijifuta jasho. "Kibali cha saruji nlikiomba tangu mfunguo mosi. Kimetoka juzi, na leo ndiyo siku yake ya mwisho. Time, hii tunaitandaza juu sasa hivi, jioni tumemaliza."

"Haijaiva, kaka. Ina siku nzima bado."

"Siku nzima ya nani? Nawaona wanne."

"Baba alikuwa hataki saruji juu ya chokaa. Alikuwa akisema chokaa hunywa ikatoka jasho, kama mtu. Ukiifunga juu, maji yakipata pa kuingia hayana pa kutokea."

"Baba alikuwa na wapigaji thelathini na gunia la mchele jikoni. Nionyeshe thelathini wako." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomvunja Time zaidi. Alinyoosha mkono kwenye wingu. "Lile halingojei. Nna siku moja tu hapa. Ikinyesha leo juu ya hii ilivyo, mama analala wapi?"

Time alimtazama Biasha. Biasha alikuwa akiyatazama malengelenge ya mikono yake.

"Mie fundi wa nyimbo tu, mwanangu," alisema. "Ya saruji siyajui."

Banu aliweka kibao chake chini taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Basi tumwambie mama," alisema Time.

"Mwambie. Akikataa, nnambeba leo hii nnakwenda naye Jang'ombe kabla ya mvua. Wewe chagua la kumwambia."

Time hakuchagua chochote. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, na maji yale yale ndiyo yaliyokorogewa saruji.

Mvua ile haikunyesha siku hiyo. Wingu lilipita likaenda zake. Asubuhi ya pili Msabah alitaka kurudi kazini, akasema, "Gonga basi, nisikie anasemaje." Saruji ilikuwa imekauka, ya kijivu, laini kama sinia. Time aligonga mara tatu kwa kibao cha babake, nayo ikalia kengele, safi, kama mtungi mtupu.

Kutoka chini bakora ikajibu mara mbili.

"Umesikia?" alisema Msabah akicheka. Alikuwa amefurahi kweli, kama mtoto.

Aliposhuka, Time alimkuta mamake ametabasamu. "Mnapiga vizuri," Bi Mashavu alimwambia. "Wanne tu. Babako angeona." Time alisema, "Naam, mama," akaanza kumkanda miguu.

Masika yalikuja wiki ya pili ya mwezi wa nne. Siku tano za mwanzo hapakudondoka hata tone, na Time alianza kufikiri kwamba huenda babake alikosea. Siku ya sita alipanda, akaona saruji imeachana na ukuta wa kibla, upana wa ukucha, na maji yanaingia humo bila sauti, yanaingia tu, hayarudi. Aliziba kwa chokaa iliyobaki; mvua ikaiosha. Akaziba kwa matambara na lami aliyopewa na mzee Taherali; yakachukuliwa. Alitandika maturubali, upepo ukayapeleka uani kwa Banu. Kila siku alikuwa na kitu cha kujaribu, na kila kitu kiliishia pale pale.

Chumbani hapakuvuja. Afadhali pangevuja. Zile boriti mbili za zamani zilibadilika rangi, kisha moja yao, ya tatu kutoka mlangoni, ikaanza kushuka katikati kama kamba ya nguo. Msabah alikuja Ijumaa, akaikagua, akaisimamishia nguzo ya kipande cha boriti ya zamani kilichobaki, kando ya kitanda.

"Nguzo ya nini?" aliuliza Bi Mashavu.

"Ya kutundikia chandarua, mama."

Bi Mashavu alimtazama mwanawe mpaka akatoka. Kisha akasema, "Time, panda ugonge."

"Mvua, mama."

"Panda."

Time alipanda mpaka kizingiti cha juu cha ngazi, akanyoosha mkono bila kukanyaga, akagonga ukingoni. Ikalia ile ile, kengele, haina kosa. Alisubiri bakora. Haikujibu. Aliporudi chini alikuta chokaa nyeupe, laini kama maziwa, inateremka taratibu kwenye ile nguzo, na mamake ameigusa kwa kidole anakitazama kidole.

"Sikio linasema imeiva," alisema Bi Mashavu. "Jicho linasema mbichi. Nani muongo?"

"Juu ni saruji, mama. Chini chokaa haikuiva. Tuliifunika."

"Lini?"

"Siku ile ya tatu."

"Kabla sijajibu?"

"Kabla hujajibu."

Bi Mashavu alikipangusa kidole kwenye shuka. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya ile saruji kwa sauti nzuri.

"Na mie nikagonga mara mbili," alisema. "Mke wa mwashi." Halafu, "Muite kakako."

Walimteremsha kwa kiti, Msabah mbele na mpwa wa Biasha nyuma, Time akimwekea mwavuli kwenye ngazi ambazo hazikuwa na mvua. Bi Mashavu alifumba macho tangu ngazi ya kwanza mpaka mlango wa nje, na hakuna aliyemkumbusha habari ya jeneza. Jang'ombe walimpa upande wa ukutani. Watoto walikuwa wakimruka wakipita.

Siku ya pili Time alirudi kuchukua godoro. Boriti ilikuwa imeshuka mpaka imeigusa fremu ya chandarua, lakini haijakatika. Alilikunja godoro, akaliweka mlangoni, kisha akapanda ngazi. Hakujua kwa nini. Alinyoosha mkono, akagonga mara tatu kwa kibao cha babake.

Ikalia vizuri. Alisimama pale ameinamisha sikio chini, kuelekea kilipokuwa kitanda, akisubiri kujibiwa.