Samaki wa Mwangati

Gogo lilipomwangukia Tobia kule msitu wa Magamba, hakupiga kelele. Alisikia tu mfupa ukikatika kama bua la mahindi, kisha akaona uso wa Mbaraka ukimchungulia kutoka juu ya shimo.

Walikuwa wapasua mbao. Kwa miaka mingi walikuwa wakipasua pamoja, Mbaraka akisimama juu ya gogo na kuuongoza msumeno kwenye mstari, Tobia akiwa chini shimoni akiuvuta na kumeza unga wa mbao. Siku hiyo mvua ilikuwa imekesha ikinyesha. Udongo ukalainika, kabari zilizoshikilia gogo zikateleza. Kabari zenyewe walizigonga wote wawili.

Mbaraka na wenzake walimfunga kwenye machela ya matawi, wakamteremsha mpaka hospitali ya Lushoto. Mguu ulipona, ila ulipona vibaya; ulibaki mfupi, mgumu, usiokunjika vizuri. Daktari akamwambia aisahau kazi ya shimoni. Tobia akarudi nyumbani kukaa barazani. Mbaraka alikuja mara moja tu, akasimama uani kama mgeni, akauliza hali, akaondoka kabla uji haujaiva. Baada ya hapo hakuonekana tena. Mke wa Mbaraka, Mwanamisi, ndiye aliyekuwa akileta viazi na ndizi, na kila Tobia alipomuuliza habari za mumewe, alijibu, "Yuko msituni, shemeji."

Maneno ya watu hayana mlango. Likaja neno kwamba Mbaraka anasema kabari iliyoteleza ilikuwa ya Tobia. Likaja na jingine, kwamba Tobia anasema ilikuwa ya Mbaraka. Tobia alijua kwamba hili la pili ni uongo, kwa kuwa yeye hakusema lolote. Lile la kwanza aliliamini.

Mikono yake haikuzoea kukaa bure, basi akaanza kuchonga. Alichonga miko, vipini vya visu, na vinyago vya ng'ombe kwa watoto wa jirani. Mkewe, Jenoveva, aliipeleka miko sokoni pamoja na mboga zake, na huko ndiko mjane mmoja wa Kizungu alikonunua mwiko mmoja, akaugeuza mkononi kwa muda mrefu, akauliza aliyeuchonga anakaa wapi.

Watu walimwita mjane huyo Mama Kofia, kwa ajili ya kofia yake pana iliyochoka. Alikuwa na shamba la mapeasi juu ya mji, naye alikaa nchini muda wa kutosha kukijua Kiswahili, ingawa alikisema kwa haraka kama mtu anayeteremka mlima. Alifika kwa Tobia akiwa amepanda nyumbu. Tobia alijaribu kusimama.

"Kaa, kaa," alisema Mama Kofia, akafungua mkebe wa bati. Ndani mlikuwa na samaki mdogo wa mti, urefu wa kidole, mkia umevunjika. Kidevuni alikuwa na kijibati kilichochomoza kama ulimi, na tumboni ndoana ya meno matatu. "Unakijua hiki?"

"Samaki wa mti, mama. Wa kuchezea?"

"Wa kudanganyia. Yule samaki wa madoa wa mto Mkuzu, aliyeletwa kutoka Ulaya, anakula samaki wadogo. Mimi namtupa huyu majini, namvuta. Anatingishika. Yule mkubwa anadhani ni mgonjwa, anamrukia." Alifunga mkebe. "Nilikuwa nao wengi. Mizizi ya mtoni imewala wote. Na sasa kuna vita. Kutoka Ulaya haiji hata sindano. Unaweza kunitengenezea?"

Tobia alisema ataweza. Aliona ni kazi ya asubuhi moja.

Samaki wa kwanza alimchonga kwa mkulo, kwa kuwa ndio mti aliokuwa nao. Alitoka mzuri mno, na magamba yake madogo, na macho yaliyochomwa kwa msumari wa moto. Jenoveva alijaza maji kwenye beseni. Walipomfunga ndoana, samaki alishuka chini moja kwa moja, akakaa hapo kama jiwe.

Wa pili alimchonga kwa mkuyu, mti mwepesi. Huyu alielea, lakini alilala ubavu.

"Samaki wako amekufa," alisema Jenoveva. "Aliye hai haogelei hivyo."

Mama Kofia alipokuja kutazama, hakucheka. Alivua glavu, akachora juu ya vumbi la baraza jinsi uzito unavyopaswa kukaa chini ya tumbo, sawasawa katikati, na jinsi kijibati cha kidevuni kinavyoyapiga maji ili mwili uyumbe. Mengi ya hayo Tobia hakuwa ameyawaza. Akatoboa tumbo la samaki, akayeyusha risasi kwenye kijiko kikuukuu, akaimimina tunduni. Sasa samaki alisimama wima ndani ya beseni. Lakini kufikia jioni alikuwa amevimba, rangi imepasuka mgongoni. Mkuyu ulikuwa unakunywa maji kama shamba la kiangazi.

Alijua mti alioutaka. Ni mwangati: mwepesi, una mafuta yake, hauozi upesi, na unakubali kisu. Lakini ulitakiwa uliokauka taratibu kivulini, usio na jicho wala ufa. Mtu wa kuuchagua mti wa namna hiyo kwa kuugonga tu na kuusikiliza alikuwa mmoja, naye hakuwa akifika nyumbani kwake.

"Nitamwambia Mwanamisi," alisema Jenoveva.

"Usimwambie mtu."

Jenoveva hakubishana. Alijitwika kikapu akaenda alikokwenda, na Tobia hakumuuliza.

Kesho yake alasiri Mbaraka aliingia uani, banzi la mwangati begani. Alikuwa amekonda. Alilitua banzi taratibu, wakasalimiana kwa Kishambaa, wakiitana mghoshi kama wanaume wa kwao, salamu zote kuanzia za nyumbani mpaka za shambani, bila kuruka hata moja. Harufu ya mwangati ikajaa barazani.

"Ni la gogo lile?" Tobia aliuliza.

"Hapana, mghoshi. Lile liko kule kule. Hakuna aliyetaka kulipasua."

Tobia aliligonga banzi kwa kifundo cha kidole. Lilitoa sauti kavu, safi. "Zuri," alisema.

"Nimesikia unachonga samaki."

"Nachonga. Mmoja amezama, mmoja amevimba."

Mbaraka aliketi ukingoni mwa baraza. Alimwokota yule samaki wa mkuyu, akamtazama pande zote. Baadaye, bila kuombwa, aliichukua miko iliyokuwa haijalainishwa, akachuma majani ya msasa kwenye mti wa jirani, akaanza kuisugua. Tobia akapasua kijiti cha mwangati na kuanza kuchonga. Uji ulipoiva, Mbaraka alikunywa.

Siku ya kumjaribu samaki, Tobia alitaka kwenda mwenyewe. Njia ya kushuka mtoni ilikuwa ya utelezi, na mara mbili Mbaraka ilibidi amshike kiunoni. Mama Kofia alikuwa ameshatangulia. Mto ule ulikuwa wa wenye kibali cha kuvua, na Tobia, aliyezaliwa mwendo mfupi tu kutoka pale, hakuwa amewahi kumwona samaki wa madoa akiwa hai.

Walikaa juu ya jiwe wakimtazama Mama Kofia akifunga mshipi kwa vidole vilivyoanza kutetemeka kwa uzee.

"Waliniambia umesema kabari ilikuwa yangu," Tobia alisema. Hakugeuza shingo.

"Mimi waliniambia wewe ndiye uliyesema ni yangu," alijibu Mbaraka. "Nikaona ni haki yako kusema. Mimi nilikuwa juu. Aliye juu ndiye anayeona."

"Sikusema."

"Basi."

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia ni kweli."

Tobia alitaka kukasirika. Miezi yote ile alikuwa ameilea hasira yake kama mtu anavyolea mbuzi wa kuchinja sikukuu, na sasa alipoitafuta hakuiona. Aliona tu kwamba mguu unamuuma na kwamba jiwe ni la baridi.

Mama Kofia alitupa. Samaki wa mwangati akaanguka majini, akavutwa, akaenda upande kama mlevi na kugonga ukingo. Mama Kofia alimrudisha, akamletea Tobia pamoja na koleo. Tobia alikikunja kijibati cha kidevuni kidogo tu kushoto, akamtazama kwa mbele, akakikunja tena. Mama Kofia alitupa mara nyingine. Safari hii samaki alishika katikati ya mkondo, akayumba kulia na kushoto, tumbo lake jeupe likionekana na kufichika. Alikuwa hai kabisa. Tobia alisahau kwamba amemchonga yeye.

Kivuli kilitoka chini ya mzizi, maji yakapasuka. Fimbo ya kuvulia ikapinda. Mama Kofia alirudi nyuma hatua kwa hatua, akisema maneno ya Kiingereza kwa sauti ya chini, mpaka samaki akalala juu ya majani: mnene, madoa meusi ubavuni, na mstari wa rangi ya waridi. Samaki wa mti alikuwa bado mdomoni mwake, amekwaruzwa lakini hakupasuka.

"Nataka wengine," alisema Mama Kofia, akihema. Kisha akamtazama samaki na kuwatazama wao. "Huyu mchukueni ninyi. Mimi napenda kuvua tu."

Jenoveva alimpika jioni hiyo kwa nyanya na vitunguu, Mwanamisi akaitwa, wakala wote. Watu wanne walitafuna kwa adabu. Mwisho Mwanamisi ndiye aliyesema kwamba kwa samaki aliyesafirishwa kutoka Ulaya, hana ladha kubwa.

Mbaraka alipata mwenzake mwingine wa msumeno na kuendelea na kazi yake. Lakini kila aliposhuka kutoka msituni alipitia kwa Tobia na kipande cha mwangati. Wazungu wengine wa milimani walisikia, nao wakaagiza samaki wao. Tobia aliacha kunakili yule wa mkebe. Akawachonga wanene kifuani na wembamba mkiani, akawapaka rangi za dagaa wa vijito vya kwao. Mbaraka hakuupenda mtindo huo. Alisema kifua kile kinapoteza mti mzuri bure, na Tobia akamwambia ashike msumeno wake, mambo ya samaki amwachie yeye. Walibishana hivyo barazani miaka mingi, na Jenoveva alizoea kuwapikia uji wa watu wawili.