Ngazi Thelathini na Moja

Goti jipya la Stamatis lilikataa kukunjika. Daktari alikuwa amelipima mara tatu: chuma kimekaa, mshono umekauka. "Goti lako ni zima, Stamatis. Kilichoganda ni woga. Na miezi mitatu ikipita hivi hivi, litaganda nalo."

Woga! Vumbi jeupe la marumaru lilikuwa limemlalia kwenye nyusi miaka arobaini, vumbi jeupe kwenye mkate wake, vumbi jeupe kwenye mto wake, na kijiji kilimjua kuwa mchongaji asiyeomba msaada hata wa kuinua jiwe. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda akilitazama goti lake kama mbwa wa jirani: usiliguse, litauma.

Akapelekwa kwa Danai, mwanasaikolojia aliyevuka kuja kisiwani kila Jumanne. Danai alipanga viti vinane duara, akawaketisha wenye magoti mapya. Sharti lilikuwa moja: "Kinachosemwa humu kinabaki humu." Wote wakaitikia. Stamatis aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumanne ya tatu ilikuwa zamu ya Garufalia kusema. Mjane, nyumba yake juu kabisa ya kijiji, mwisho wa ngazi thelathini na moja ambazo Stamatis alizichonga mwenyewe ujanani; kila Jumanne vijana walimbeba kumshusha. Alisema akitazama viganja vyake: "Nikikunja, nausikia msumeno wa daktari. Nimemtundikia Bikira Maria kanisani mguu mdogo wa fedha, nadhiri ya kupona, na bado naogopa. Asubuhi naogopa hata kukanyaga sakafu. Najikojolea kitandani, mtu mzima mimi."

Na kifuani mwa Stamatis kitu kikalegea, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yake. Yote yalikuwa yake, hadi shuka lililolowa.

Jioni, mkahawani, Nikiforos mwenye mkahawa akamdaka mlangoni. "Karibu, chizi wetu! Umelia leo, au bado zamu yako?"

Wakacheka. Angeweza kucheka nao, akanywa raki yake, ile pombe kali ya kisiwani, yakaisha. Hakuweza. Alitafuta wa kumrushia kicheko kile, akampata.

"Mimi naenda kuangalia sinema tu. Mwulizeni Garufalia, anayelowesha godoro kwa kuogopa sakafu!"

Raki ikamwagika kwa vicheko. Naye akacheka, kicheko kikavu kuliko vyote.

Neno ni vumbi la marumaru. Likishatoka kwenye jiwe hulirudishi. Linapanda upepo, linaingia kila dirisha, linatua hata kwenye sahani iliyofunikwa. Kabla jua halijazama lilikuwa limeshapanda ngazi thelathini na moja.

Jumanne iliyofuata kiti cha Garufalia kilikuwa kitupu. Na iliyofuata, kitupu. Danai hakuuliza. Stamatis ndiye aliyesema, macho sakafuni: "Ni mimi niliyeitoa siri yake nje. Na mimi pia nalowesha. Tangu siku ya kwanza."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma. Na wiki ileile goti likakunjika, laini, kama mlango uliotiwa mafuta, naye akaona haya kulitazama, maana alijua limepona kwa maneno ya nani.

Akaenda mkahawani, akayasema yaleyale amesimama. Kisha akapanda. Ngazi moja, na moja, na moja, hadi mlango uliofungwa.

"Bi Garufalia, nimekuja kuomba radhi. Nimewaambia wote kwamba hata mimi niko kama wewe."

"Umepanda kwa mguu upi?" sauti ikauliza ndani.

"Kwa huu mpya."

"Basi hongera. Teremka nao."

"Njoo Jumanne, mama. Nakusihi. Miezi mitatu inakwisha."

"Nije nivuliwe nguo ipi tena, Stamatis? Mmebakisha ipi?"

Akangoja. Mlango haukufunguka. Akateremka.

Miezi mitatu ikaisha. Goti la Stamatis lilikunjika hadi nyuzi mia na kumi. La Garufalia liligandia hamsini, na kwa hamsini mtu hashuki ngazi kwa miguu yake. Viti vinane, saba vyenye watu. Ngazi thelathini na moja, na juu yake vumbi jeupe limetulia, halina unyayo ila wa mtu mmoja, wa kupanda na wa kushuka.