Mkaguzi wa Helikopta ya Shemeji

Nilipomwambia mwalimu wetu wa darasa la jioni kwamba nataka helikopta ya rimoti, alidhani ni ya mtoto.

"Ana miaka mingapi?"

"Si ya mtoto, ni yangu. Kuna mtu nataka kumwaibisha."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Mchana kutwa alikuwa fundi redio, na jioni alitufundisha umeme sisi watu wazima kumi na mmoja, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti hayaingii.

"Huyo mtu anastahili gharama ya helikopta?"

"Ni shemeji yangu."

"Aa," akasema, kama mtu aliyekwisha kuelezwa kila kitu.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Watu wanamwita Kapteni, ingawa sare pekee aliyowahi kuvaa ni ya shule. Ana duka la simu na vifaa vya kuchezea, na ndiye jogoo wa kikundi cha warushaji wa helikopta za rimoti wanaokutana kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa zamani wa mpira, nyuma ya kiwanda cha unga. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Tangu utotoni alikuwa akimfuata kaka yake huyo nyuma nyuma, na ukubwani hakuacha. Alijinyima mwaka mzima ili naye awe na helikopta. Kapteni akamuuzia moja ya zake za zamani. "Nakupa kwa sababu ni wewe, mdogo wangu," alisema, akambusu hata kichwani.

Pale uwanjani kuna sheria moja ambayo haina mkubwa wala mdogo: chombo hakiruki mpaka mtu mwingine akikague na kutia saini kwenye daftari. Jumapili ile ya kwanza, Kapteni mwenyewe ndiye aliyeikagua helikopta ya mume wangu. Akaandika "sawa", akasaini. Ikanyanyuka kimo cha kiti, mkia ukaanza kuzunguka, ukazunguka kama feni iliyofunguliwa mpaka mwisho, halafu ikajipigiza chini ikabaki vipande. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kabla ya saa sita video ilikuwa kwenye kundi la familia, na Jumatatu watoto wa mtaani wakawa wanamwita mume wangu Feni. "Feni, washa basi, joto!"

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile yenye majitaka. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi akisugua vyuma. Sasa akawa anafanya kazi mlango wa karakana umerudishwa nusu. Binti yetu, ambaye tunamwita Bibi kwa sababu amerithi jina la mama mkwe, akaniuliza kwa nini baba hamchukui tena dukani.

Ningeweza kuyaacha yapite kama si ile video. Niliisikiliza bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikike, simu nikiwa nimeibandika sikioni. Kabla mapanga hayajaanza kuzunguka, kuna sauti ya chini karibu kabisa na simu: "Subirini. Sasa hivi mtacheka." Ilikuwa sauti ya Kapteni. Niliirudia mara tatu.

Vile vipande vilikuwa kwenye mfuko wa unga chini ya kitanda. Nikavibeba hadi darasani. Mwalimu akachomoa kidude kidogo kuliko kiberiti.

"Hiki ndicho kinachotuliza mkia. Ukienda kushoto, chenyewe kinausukuma kulia. Sasa ona swichi yake. Imegeuzwa. Mkia ukienda kushoto, kinausukuma kushoto zaidi."

"Inaweza kujigeuza?"

Akaikwangua kwa ukucha. "Imetiwa gundi ili isirudi."

Mume wangu sikumwambia. Angemsamehe. Amekuwa akimsamehe tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja, na mimi sikuwa natafuta mtu wa kusamehewa.

Nilikuwa na akiba ya kununua cherehani. Haikuwa nyingi, na duka la fotokopi ninapofanya kazi halijui neno nyongeza. Niliandika orodha: helikopta mpya, kubwa, nyekundu. Mwalimu akaikata yote kwa mstari mmoja.

"Mwenye hela kidogo haanzi na helikopta. Anaanza na rimoti. Helikopta utaivunja, rimoti utakaa nayo miaka. Tafuta iliyotumika, lakini nzuri, yenye kioo na yenye kukumbuka vyombo vingi."

"Kukumbuka vipi?"

"Kila chombo kina mipangilio yake. Rimoti inaitunza kwa jina. Unachagua jina la chombo ulichoshika siku hiyo, ndipo unaruka."

Zaidi ya nusu ya akiba ikaingia kwenye rimoti. Muuzaji alikuwa akihama mji, akaniongezea waya wa kuiunganisha na kompyuta. Waya huo ndio ulioniokoa. Mwalimu alinipa programu ya mazoezi, na kila saa ya chakula cha mchana, bosi wangu akiwa ameenda kula, nilikuwa naangusha helikopta kwenye kompyuta ya fotokopi. Nimeangusha zaidi ya mia tatu, na hakuna hata moja niliyolipia. Wateja walidhani nacheza.

"Dada, nitolee nakala ya cheti."

"Subiri kaka, niko hewani."

Hela iliyobaki tuliigawa kwa huruma. Mota ya helikopta ya mume wangu ilikuwa nzima, na kiunzi kilihitaji skrubu tu, kwa hiyo hatukununua mwili mpya. Tulinunua mhimili mmoja, betri mbili, na chaja inayojaza kila seli sawasawa, maana ya bei rahisi huvimbisha betri mpaka iwake moto. Mapanga nilinunua jozi tatu. "Moja ya kuruka, mbili za kuvunja," alisema mwalimu. Chini tukafunga fimbo mbili nyepesi kwa umbo la msalaba, zenye mpira mdogo kila ncha, ili isipinduke ikitua vibaya. Ile swichi niliirudisha mwenyewe.

Siku mume wangu alipoikuta mezani aliugusa mkia kwa kidole.

"Mama Bibi, hii si ile?"

"Ile ilikufa. Hii ni kazi ya darasani."

"Usiipeleke pale. Watakucheka."

"Nimezaa mbele ya wakunga wanne nikiwatukana wote, Baba Bibi. Nani tena wa kunicheka?"

Hakucheka. Aliinama, akakaza skrubu moja ambayo haikuwa imelegea, akatoka.

Kuna jambo jingine la uwanja ule nililokuwa nalijua, na ndilo nililolipangia kila kitu. Mgeni akiweza kukituliza chombo chake hewani ndani ya duara la chokaa kwa dakika mbili bila kutoka, anahesabiwa mwenzao, na heshima yake ya kwanza ni kukagua chombo cha mkongwe atakayefanya onyesho siku ile. Mkongwe wao alikuwa Kapteni. Nilichotaka ni hicho tu: nisimame mbele ya watu wote, nitafute hata skrubu iliyolegea, niandike "hairuki" kwa mwandiko mkubwa, arudi nyumbani na helikopta yake mpya kama mtoto aliyefukuzwa ada.

Jumapili hiyo nilivaa gauni la kawaida na raba. Mume wangu alikataa kuja. Kapteni aliponiona akapiga makofi.

"Jamani, mke wa Feni! Shemeji, umekuja kutuletea upepo?"

"Kidogo tu, shemeji."

Mwenyekiti, mama mmoja mstaafu wa posta mwenye kofia pana, aliikagua helikopta yangu taratibu kama kifurushi kilichochanika. Akasaini. Niliingia uwanjani, nikasimama nyuma ya mkia kama nilivyofundishwa. Ikanyanyuka. Ikatikisika. Ikakaa. Sikuona watu, niliona mkia tu. Mwenyekiti alipopaza sauti "Dakika mbili!" nilikuwa nimeng'ata mdomo mpaka damu.

Waliponishangilia nikageuka, na nyuma kabisa ya watu, kwenye ukuta wa kiwanda, nikamwona mume wangu na Bibi mabegani. Alikuwa amekuja kwa njia ya nyuma.

"Mkaguzi mpya!" mwenyekiti akaita. "Nenda kwa Kapteni."

Helikopta yake mpya ilikuwa nyeusi, ndefu kama meza ya kulia chakula. Alikuwa ameiwasha tayari, mapanga bado yametulia, rimoti ikining'inia kifuani, na nusu ya macho yake ikiwa kwa watu walioshika simu. Nilipitisha mkono kwenye skrubu moja moja. Zote zilikuwa zimekaza. Nikatikisa mapanga, nikavuta mkia. Jamaa alikuwa mtunzaji, sitamnyima hilo. Moyo ulianza kuniishia.

Ndipo nikatazama kioo cha rimoti yake. Kilikuwa kimeandikwa NDOGO.

Asubuhi hiyo alikuwa ameanza kwa kurusha ile helikopta yake ndogo ya kuwachekesha watoto, na hakubadilisha jina. Mipangilio ya ndogo ilikuwa ndiyo inayoiendesha kubwa. Angesukuma mbele, ingelala nyuma.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Neno moja tu, "hairuki", na sheria ingeilinda helikopta yake nzima nzima. Angeaibika kwa dakika moja, angebonyeza kitufe, Jumapili ijayo angekuwa Kapteni tena.

Nikatazama kwanza mstari wa chokaa. Watu wote walikuwa nyuma yake, mbali, na yeye angesimama hatua ishirini kutoka kwenye mapanga. Hakuna ambaye angeumia. Halafu nikalainisha sauti, ile sauti ya mke wa mdogo mtu, ya kuomba samahani kabla ya kukosa.

"Shemeji, samahani. Nadhani kama rimoti yako ina kitu hakijakaa sawa. Jina lile pale kwenye kioo..."

"Unadhani?" Akageukia watu. "Jamani, anadhani! Shemeji, mimi nimeanza kurusha wewe hujaota meno. Hapa hatudhani."

"Lakini ningeomba utazame, shemeji. Labda sijui vizuri."

"Labda! Lete hilo daftari." Akaninyang'anya kalamu na daftari, akaandika "sawa", akasaini mwenyewe, jina lake lote na mkia wa saini, akalifunga. "Nenda kasimame na wenzako, mama. Tazama, ujifunze."

Nikaenda kusimama. Nilijua hatasikia. Ningemwambia kwa ukali, angetazama.

Mapanga yakazunguka, nyasi zikalala. Aliinua. Helikopta ikaegemea upande, akasukuma kuirudisha, ikaegemea zaidi, na mapanga yakaigusa ardhi. Mlio wake ulikuwa kama sinia zimeangushwa kutoka ghorofani. Kipande kimoja kiliruka juu sana, kikang'aa, kikachukua muda wake kushuka. Kisha pakawa kimya mpaka nikaisikia mashine ya unga.

"Nani alikagua?" Kapteni alipiga kelele. "Nani alikagua chombo changu? Huyu mwanamke—"

Mwenyekiti alifungua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti yake ya posta. "Mrushaji: wewe. Mkaguzi: wewe."

Kicheko kilianzia kwa mtu mmoja nyuma, kikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna sehemu yoyote ndani yangu iliyosema acha.

Mume wangu alikuwa amefika ubavuni pangu. Alimteremsha Bibi.

"Ulijua?"

"Nilimwambia. Watu wamesikia."

"Sikukuuliza kama ulimwambia."

Nikamtazama. "Nilijua. Na ile yako nayo, alijua. Swichi ilitiwa gundi, Baba Bibi. Nimeikwangua mwenyewe."

Kule katikati kaka yake alikuwa ameinama akiokota vipande, akavikumbatia kifuani, akaanza kutembea kuja upande wetu mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akavua kofia. Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya pili ya uwanja.

"Mdogo wangu," aliita, "njoo unisaidie kubeba."

Nilimwona mume wangu akianza kunyanyua mguu, kwa mazoea. Halafu akaurudisha.

"Leo sina nafasi," akasema. "Nina somo." Akanyoosha mkono kwangu, akachukua rimoti.

Niliweka betri ya pili. Nilikagua kila kitu, nikasoma kwa sauti jina lililokuwa kwenye kioo, nikasaini. Akasimama nyuma ya mkia, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Macho kwenye mkia. Usiniangalie mimi."

"Siwezi, Mama Bibi."

"Kidole kidogo tu. Mpole. Kama unamshika mtoto aliyelala."

Ikanyanyuka kimo cha kiti. Ikatikisika, ikakaa.

Kapteni, akielekea kwenye gari lake, alikuwa amefika kwenye mstari wa chokaa na mzigo wake mikononi. Mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Hakuna anayekatiza uwanja chombo kikiwa hewani, na hiyo nayo haina mkubwa wala mdogo. Basi akasimama juani, vipande vikimteleza kimoja kimoja, akimtazama mdogo wake.

Betri ilikuwa na dakika saba. Mume wangu aliniuliza kama atue.

"Bado," nikamwambia. "Endelea."