Vumbi Lisilojua Kusimama

Usiku wa jana niliota kwamba hakujapambazuka bado, na mfuniko wa sufuria ya maharage unagongagonga jikoni. Ti-ti-ti, polepole, kama meno ya mtu mwenye baridi. Nikasema huyo ni panya. Nikajifunga kanga, nikachukua kandambili moja ya kumpigia, nikaenda.

Hakukuwa na panya. Juu ya kigoda changu lilikuwa limekaa gurudumu la lori, jeusi toka juu hadi chini, na joto lake ndilo lililokuwa likitikisa mfuniko.

"Shikamoo, Bibi," likasema.

"Marahaba. Mbona una moto hivyo?"

"Nimetoka kuteremka mlima. Tani thelathini mgongoni."

Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya maneno. Nikachota kata moja, nikamnyooshea. Gurudumu likarudi nyuma mpaka likagonga ukuta.

"Usinimwagie! Mwenye moto akimwagiwa maji ya baridi hupasuka. Niache nipoe kwanza."

"Kupoa kunachukua muda gani?"

"Inategemea kama kuna mtu wa kukaa naye."

Basi nikakaa. Sikuona ajabu. Nimelea watoto sita, na wote wamewahi kuugua homa. Kila baada ya kitambo nililigusa kwa mgongo wa mkono, nalo halikulalamika, ingawa najua mkono wangu ni mkavu na una sugu. Lilipokuwa vuguvugu tu likasema, "Sasa nifute. Lakini kwa kitambaa kibichi, Bibi. Usinipulize."

"Kwa nini nisikupulize?"

Niliuliza kwa sababu mume wangu, marehemu Ambokile, alikuwa fundi wa breki kwa miaka thelathini na moja, hapa mjini kwetu chini ya mteremko ambako malori hufika yakitoa moshi magurudumuni. Kupuliza ndiko kulikokuwa kumaliza kazi. Alifungua gurudumu, akabadilisha pedi za breki, kisha akaweka mpira mwembamba kama mrija mdomoni na kupuliza mara tatu, vumbi jeusi likatoka kama wingu. Madereva hawakuondoka bila mipulizo mitatu. Walisema breki isiyopulizwa na fundi haina baraka.

Gurudumu liligeuka likatazama mlango.

Mlango uko wazi. Nje jua ni la saa sita mchana, ingawa jikoni bado ni alfajiri. Uani kuna foleni ya magurudumu: ya malori, ya mabasi, moja dogo la bajaji limebebwa na mama yake. Kila moja limeshika kadi ya kliniki. Kopo la sabuni, lenye kofia ya muuguzi, linapita katikati likipiga kelele.

"Mmoja mmoja! Anayefutwa amalize, ndipo mwingine aingie! Na dawa isimkaukie mtu mwilini!"

"Mimi si muuguzi," nikaliambia.

"Wewe ndiye mtu mzima uliyepo," kopo likasema. "Inatosha."

Nikalowesha kitambaa, nikaanza kufuta. Vumbi liliponata kwenye kitambaa, likaanza kusema. Sauti zilikuwa nyingi na ndogo sana, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo.

"Mimi ni mbuzi mweupe wa pale darajani."

"Mimi ni mlevi aliyelala barabarani siku ya mnada."

"Mimi ni mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Sikusikia honi."

Nikaelewa bila kuelezwa. Kila punje ilikuwa ni mahali ambapo dereva alikanyaga breki na mtu akabaki mzima. Gurudumu lote lile jeusi lilikuwa watu ambao hawakufa. Nikafuta kwa adabu. Nikawa nawaambia, "Asanteni. Asanteni sana. Poleni."

Punje moja ikasema, "Mimi ni Tumpe wa miaka sita. Nilifuata kandambili yangu iliyochukuliwa na maji ya mvua. Lori likasimama hapa, mbele ya goti langu."

Nikaacha kufuta.

Tumpe ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Lusajo. Sasa ana miaka ishirini na minne, na yeye pia ni fundi wa breki. Alijifunza kwa babu yake. Babu yake alipokufa kwa kifua miaka mitano iliyopita, siku ya kugawa vitu vya marehemu, wakubwa walichukua koti na baiskeli. Ule mpira wa kupulizia nilimpa Tumpe, kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima. Wanawake walipiga vigelegele. Tangu mwezi uliopita Tumpe anakohoa.

"Wewe ulimwokoa mjukuu wangu," nikaiambia ile punje.

"Barabarani, ndiyo," ikasema. "Kifuani mwake, hapana. Sisi ni breki iliyokwisha, Bibi. Hatujui tena kusimama. Mtu akituvuta pumzi tunakwenda tu, mpaka mwisho."

Hapo jikoni pakawa wodi. Hakuna aliyehama. Jiko lenyewe liligeuka kitanda, na juu ya kitanda alikuwa Ambokile, na shuka lake la kijani lenye tundu la sigara ya jirani.

"Mama Lusajo," akasema, "umekuja na spana?"

Nikatazama mkononi, nilikuwa nayo. Kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa nati tano. Nikazifungua moja moja, nikaziweka kwenye kisosi zisipotee, kama alivyonifundisha. Nilipokitoa kifuniko sikuona pafu. Niliona vumbi jeusi, limeshindiliwa, limejaa hadi ukingoni.

Nikakumbuka daktari. Wakati ule, Ambokile akiwa hai, daktari aliniambia, "Mama, huyu ameuawa na vumbi." Alisema ameuawa, na mgonjwa alikuwa bado anapumua. Mimi nikadhani ni vumbi la barabarani. Nikawa namwagia maji uani kila jioni, ndoo nne, miezi saba, ili mume wangu apate hewa safi. Naye aliniangalia kupitia dirisha akatabasamu, na hakuniambia kwamba nakosea. Hata pale alinihurumia.

"Baba Lusajo, wewe ulijua?"

Aliinua kidole kimoja. Kopo la sabuni likanieleza, "Amebakiwa na pumzi moja. Akiitumia kujibu hilo, imekwisha. Uliza vizuri."

Nikafikiri niulize nini. Ndipo nikaona kitanda cha pili. Tumpe amelala pale na ovaroli yake, na kifuani ana nati tano, mpya kabisa, zinang'aa. Shingoni amezungukwa na ule mpira wa kupulizia.

Nikaushika nimvue. Mpira ukanyanyua kichwa.

"Taratibu, mama," ukasema. "Mimi ni urithi. Nilitolewa mbele ya ukoo. Kitu cha marehemu hakinyang'anywi aliyepewa, labda marehemu mwenyewe atengue. Waulize wenyewe."

Nikageuka. Ukoo wote ulikuwepo, umekaa juu ya matairi kuzunguka wodi, kila mtu na kikombe cha chai. Hakuna aliyeonekana kushangaa.

"Ni kweli," akasema wifi yangu mkubwa. "Sasa tukianza kurudisha urithi kama viatu vilivyobana, kesho mtatudai na baiskeli."

"Baiskeli yenyewe uliiuza, dada," mtu akamjibu kutoka nyuma, na matairi yote yakacheka.

"Lakini mtoto atakufa!" nikasema.

"Kila mtu atakufa," wifi akasema, akapuliza chai yake. "Utaratibu ni utaratibu."

Mpira ukamgeukia Ambokile. Sauti yake ikawa tamu. "Fundi, umebakiwa na pumzi moja. Unipulize. Mara ya mwisho, kwa baraka. Hawa wote wamekuja kuona."

Na ukoo ukaanza kupiga makofi polepole, kama walivyokuwa wakifanya madereva pale gereji. Nikamwona Ambokile anavuta ile pumzi. Nikaona midomo yake inajikunja kama ya mtu anayepuliza, kwa sababu miaka thelathini na moja si kidogo. Mimi siwezi hata kusogea. Miguu yangu imekuwa nati na imekazwa sakafuni.

Kisha midomo ikafunguka.

"Mpe kitambaa kibichi," akasema.

Pumzi ikaisha. Makofi yakakoma. Mpira ukalegea shingoni mwa Tumpe, ukawa mpira tu.

Nilitaka kulia lakini kopo lilikuwa linanihimiza. "Haraka! Mmoja mmoja! Nani kwanza?"

Nikatafuta maji. Kata ilikuwa kavu. Ndoo ilikuwa kavu. Bomba la wodi lilifunguka likatoa vumbi. Nikawatazama watu wa ukoo, kila mmoja akakumbatia kikombe chake. Ni shemeji Asagwile peke yake, yule mdogo wa mume wangu ambaye hajawahi kusema neno kwenye kikao chochote, aliyeinuka. Alikuja akaninyooshea kikombe chake, kimejaa, hajakionja. Akarudi kukaa juu ya tairi lake, mikono mitupu magotini.

Nikachovya ncha ya kanga yangu ndani ya chai. Ililowana kiasi cha kumfuta mtu mmoja.

Nikasimama katikati ya vitanda viwili. Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika. Miaka arobaini nililala kando ya mwanaume yule, na kifua chake kiko wazi, na mkononi nina kitambaa.

Gurudumu la lori, ambalo nilikuwa nimelisahau, likanisogelea na kuninong'oneza. "Gusa kwanza, Bibi. Kama ulivyonigusa mimi."

Nikamgusa Ambokile kwa mgongo wa mkono. Alikuwa baridi. Alikuwa amekwisha kupoa, na hakuhitaji mtu wa kukaa naye. Nikamfunga kifua chake, nati zote tano, nikahakikisha hakuna iliyolegea. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Ndaga fijo, Baba Lusajo," maana shukrani ya kweli mtu haitoi kwa lugha ya kujifunza.

Kisha nikamgusa Tumpe. Alikuwa anawaka.

"Hafutwi akiwa na moto," kopo likasema. "Atapasuka."

"Najua."

"Na chai ikikauka kwenye kanga, haifai tena."

"Najua."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakaa," nikasema.

Nakaa. Ukoo unaondoka, kila mtu na tairi lake, wanayabingirisha mlangoni. Magurudumu nayo yanaondoka. Naikunja ncha ya kanga ndani ya kiganja ili isikauke. Kila baada ya kitambo namgusa. Bado. Namgusa. Bado. Joto linashuka kama linavyoshuka siku zote, bila kuharakishwa na mtu. Anapofikia uvuguvugu namfungua kifua.

Vumbi lake si la kushindiliwa. Ni utando tu, kama masizi kwenye kioo cha taa. Chini yake kuna kitu chekundu kinatembea. Naweka ncha ya kanga, navuta mstari mmoja, kutoka juu hadi chini, na mahali pale panang'aa. Nainua mkono nivute mstari wa pili.

Jogoo wa jirani akawika, nikaamka.

Nilikuwa kitandani kwangu, kanga mwilini. Nikashukuru Mungu kwamba ni ndoto. Nilipotaka kuteremka niliona sisimizi wawili kwenye ncha ya kanga. Nikaishika. Ilikuwa imelowa, nyeusi, na inanuka chai ya tangawizi yenye sukari. Mimi sukari haijaingia nyumbani kwangu tangu daktari alipoikataza, mwaka juzi.

Nikaenda hivyohivyo, bila kunawa uso. Tumpe amepanga chumba nyuma ya gereji. Nilimkuta nje anapiga mswaki.

"Shikamoo, Bibi. Asubuhi yote hii, kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna. Nimemwota babu yako."

"Anasemaje mzee?"

"Anasema uache kupuliza. Ulowanishe kitambaa, ufute."

Akacheka. "Bibi nawe! Nikimaliza breki bila kupuliza, dereva gani ataniamini? Watasema mtoto wa kike amesahau—"

Kicheko kikageuka kikohozi. Akashika nguzo, akainama. Kilipopita alitema chini, kisha haraka akasukuma mchanga juu yake kwa mguu. Lakini nilikuwa nimeona. Kwenye mate kulikuwa na uzi mweusi. Ambokile naye alikuwa akifunika hivyohivyo, miezi ya mwanzo, akidhani sioni.

"Mjukuu wangu," nikasema, "ule mpira nilikupa mimi. Nilikosea. Nakuomba unirudishie, na saa mbili tunakwenda hospitali, mimi na wewe, na utamwambia daktari kazi unayofanya."

Akaushusha mswaki. Povu la mswaki lilikuwa limemkaukia mdomoni.

"Babu alianza hivi?"

"Alianza hivi."

Akaingia ndani. Alitoka na mpira, akanipa kwa mikono miwili kama nilivyompa mimi siku ile. Nikamfuta povu mdomoni kwa upande mkavu wa kanga, naye akaniachia, kama alipokuwa mdogo.

"Bibi," akasema, "mdomo umezoea. Nikifungua gurudumu tu, unajikunja wenyewe. Kesho uje tena ukae pale gereji, juu ya kopo la rangi, unione. Na keshokutwa. Uje, Bibi, mpaka mdomo usahau."