Andiko Lisilo na Chumvi

Jumanne saa tisa alasiri Zuleha alijitwika ndoo ya lita ishirini pale chemchemi, akachomeka simu kifuani ikiwa inahesabu muda tangu alipotoka nyumbani, akaanza kupanda. Swali la saba la fomu lilitaka kujua mkazi anatumia muda gani kufuata maji, naye hakuwa mtu wa kukisia. Alipoitua ndoo mlangoni kwa mama yake aliitoa simu akasoma: dakika arobaini na moja. Akaandika arobaini na moja.

Alikuwa katibu wa Kikundi cha Juhudi, kina mama ishirini na wawili wa kitongoji cha Ludewe, huko juu kabisa ya Mkuyuni ambako bodaboda hukushusha njiani na kukuambia umalizie mwenyewe. Ukatibu aliupata kwa sababu alimaliza kidato cha nne na simu yake ilikuwa na kioo kizima. Kikundi kilikuwa kinaomba pampu ya umeme wa jua, mabomba, na koki nne karibu na msikiti. Kiliomba kwa Mfuko mmoja wa hisani wenye ofisi mjini, Kilakala, ghorofani juu ya duka la madaftari.

Swali la tisa liliuliza ni watu wangapi wamepata madhara kwa kukosa maji karibu. Jibu lilikuwa mmoja. Masika iliyopita Rehema, jirani yake Zuleha, aliteleza na ndoo kwenye mwamba wa kona akiwa na mimba ya miezi saba, na mtoto hakuishi. Zuleha alikwenda kumwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alimkuta anachambua maharage.

"Andika," Rehema alisema bila kuinua kichwa. "Na uandike alikuwa wa kike."

Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Zuleha aliliandika pembeni kwa herufi ndogo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuingia kwenye fomu kwa kuwa lilikuwa la nyumbani. Bi Mwaisha, mama yake Zuleha, alikuwa na presha. Daktari alimkataza chumvi katakata, na tangu hapo alikula mboga za chukuchuku huku akinung'unika kama mtu aliyefungwa bila kesi. Miguu yake haikuweza tena kushuka chemchemini. Kila tone alilokunywa lilipanda mlima juu ya kichwa cha binti yake.

Jumatano Zuleha alishuka mjini na fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Afisa wa Mfuko aliitwa Brenda, msichana mwenye adabu aliyemkaribisha kiti na kumpa maji ya chupa. Alisoma kurasa zote sita bila kuruka mstari.

"Dada Zuleha, nikuambie ukweli? Andiko lako halina chumvi."

"Halina chumvi kivipi?"

"Dakika arobaini na moja. Mezani hapa nina watu wanaotembea saa tatu. Halafu hawa waliopata madhara, ni mmoja tu?"

"Mmoja. Namjua."

"Pole yake jamani. Lakini mmoja hatoshi." Brenda alimsogezea fomu mpya, na kwa kweli alikuwa anamsaidia. "Tia chumvi kidogo tu. Kila mtu anatia."

Zuleha alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini. Swali la saba akajaza saa mbili. Swali la tisa akajaza saba. Aliona haya, tena haya ya kuchoma masikio, lakini alikumbuka ule mwamba akaweka sahihi. Majina ya wale sita hayakuulizwa.

Alhamisi asubuhi chemchemi ilikuwa na chumvi.

Wa kwanza kujua alikuwa Mzee Mansuri, aliyesukutua kinywa wakati wa kutawadha alfajiri. Alitema, akaonja tena, akasema kwamba hata maji ya bahari yanafaa kwa udhu, akaendelea na mkono wa kulia. Kufikia saa mbili mbuzi wa kitongoji kizima walikuwa wamejipanga ukingoni wanalamba mawe. Kina mama walionja, wakapunga mikono, na mchana wakapika maharage bila kuweka kitu. Nassoro wa dukani aliishusha mifuko ya chumvi kutoka rafu ya mbele akaweka sabuni. Kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, ndivyo walivyokadiria wapishi, na wapishi hawakosei kwenye mambo hayo.

Zuleha hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi. Jumamosi mama yake aliamka anaumwa kisogo, na kule zahanati kipimo kilisoma mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Muuguzi aliuliza kama mgonjwa amerudia chumvi.

"Amerudia maji," Zuleha alisema.

Muuguzi aliandika hivyo kwenye kadi.

Jumatatu alirudi Kilakala, akaomba fomu yake, akakata saba akaandika mmoja, akakata saa mbili akaandika dakika arobaini na moja. Brenda alimtazama kwa huruma, akapiga muhuri. Jioni hiyo hiyo, Zuleha alipofika chemchemini, maji yalikuwa matamu kama zamani na mbuzi wameshatawanyika. Bi Mwaisha alikunywa vikombe viwili, akalala vizuri.

Jumatano saa nne simu ikalia. Andiko la Juhudi lilikuwa limeanguka kwenye mchujo wa awali. Uhitaji haukujitokeza vya kutosha. Kama kikundi kingependa kurekebisha, dirisha la maombi lingefungwa Ijumaa saa sita kamili mchana.

Alhamisi walikutana nje ya nyumba ya mwenyekiti wao, Bi Riziki. Zuleha alisimama akawaeleza mambo yalivyo: chumvi ikiingia kwenye karatasi, inaingia kwenye maji, ikitoka kwenye karatasi, inatoka kwenye maji, na bomba linatoka nayo. Hakuna aliyebisha. Kilichofuata kilikuwa kelele, maana kila mmoja pale aliijua ile njia kwa magoti yake. Wengine walisema bora maji matamu ya mbali. Wengine walisema wao ndio wanaoyabeba, wanaume wao hawajui hata ndoo ina uzito gani. Bi Riziki aligonga chupa ya soda kwa kijiko mpaka wakanyamaza.

"Nimesikia mradi ukiisha wanaandika ripoti," alisema. "Basi tutie chumvi leo tupate bomba. Kwenye ripoti tutasema kweli, na maji yatarudi. Miezi minne, mitano. Tutavumilia."

Ilikuwa hesabu nzuri, na vichwa vilianza kutikisika kukubali. Zuleha peke yake alikuwa anahesabu vikombe vya mama yake.

Rehema, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na banda la kuku, aliuliza, "Hao sita wengine ni akina nani?"

Walipiga kura, na chumvi ikapita kwa kura kumi na tisa.

Nyumbani Zuleha alimkuta mama yake amekwisha kupata habari. Kwenye mlima habari hutangulia watu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa manne ya maji ya mvua, ya kufulia, yamefunikwa kwa mabati.

"Nitakunywa hayo," Bi Mwaisha alisema. "Kaandike."

"Yakiisha, mama?"

"Wewe una magoti ya miaka thelathini na mbili, mwanangu, na unapanda mlima kama mimi. Kaandike, usinichoshe."

Zuleha alifika Kilakala Ijumaa saa tano na dakika hamsini, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viatu. Aliandika saa mbili. Aliandika saba. Kalamu iligoma kwenye mkia wa sahihi, akaikung'uta, akamalizia.

Ruzuku ilitoka baada ya wiki tatu. Mafundi walikuja, walichimba, walilaza mabomba, walifunga pampu na kula kuku wengi. Zuleha kila asubuhi alitumbukiza ufito kwenye pipa la mama yake na kuukwangua alama kwa kisu. Alimpimia mama kunywa na kupikia. Kuoga, mama alioga ya chumvi, akatoka na weupe mgongoni kama papa mkavu. Pipa la kwanza liliisha kabla msingi wa koki haujakauka. La pili liliisha pampu ikiwa bado Dar. La tatu liliisha siku bango lilipofika, bango la bluu lenye maandishi meupe: MAJI KARIBU, WATU SABA HAWATAUMIA TENA.

Rehema alilisoma bango lile kutoka juu mpaka chini. Kisha alifungua koki, akajaza ndoo, akarudi nyumbani kwa dakika tatu.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi kutoka makao makuu ya Mfuko. Alifungua koki, akakinga glasi, akanywa mbele ya kamera. Uso ulimkunjika kidogo.

"Maji yana madini mengi," alisema, na watu wakapiga makofi.

Kesho yake Zuleha alipanda kwenye jiwe lililo nyuma ya msikiti, ambapo mtandao hukamata, ili ajaze ripoti ya mwisho. Pipa la nne lilikuwa limebaki chini ya robo. Fomu safari hii ilikuwa kwenye mfumo. Alishuka mpaka kisanduku cha waliopata madhara, akakuta kimeshajazwa saba, kwa rangi ya kijivu. Alikigusa. Hakikufunguka. Alikigusa mpaka kidole kikaacha mafuta kwenye kioo, kisha akampigia Brenda.

"Hicho hakibadiliki, dada," Brenda alisema. "Mfumo unakivuta kutoka kwenye andiko. Ripoti isipolingana na andiko, wakaguzi wanatusumbua sisi na ninyi."

"Lakini si kweli. Ni mmoja. Nataka niseme kweli sasa."

"Hakuna aliyesema uongo, dada Zuleha. Ulitia chumvi tu."

Zuleha alikaa juu ya jiwe akalia, waziwazi, kama anavyolia mtu aliyefiwa. Kisha alijipangusa kwa kanga akabonyeza tuma, kwa kuwa hapakuwa na kitufe kingine.

Mwezi uliofuata Mfuko ulifungua dirisha jipya, la ubora wa maji. Zuleha alijaza siku ya kwanza. Tatizo: maji yetu yana chumvi. Waliopata madhara: mmoja, mama yangu mzazi. Alisoma mara mbili akaona kila neno ni la kweli. Alipofika Kilakala, Brenda alimpa kiti kilekile na maji ya chupa, na Zuleha aliyafunga vizuri akayatia kwenye mkoba ili ampelekee mama.

Brenda alisoma mpaka mwisho. "Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Pole sana, dada. Ngoja waongezeke kidogo, halafu uje."

Pipa la nne lilikauka Jumapili. Jumatatu Zuleha alichukua ndoo, akapita kwenye koki nne na bango la bluu, akashuka njia ya zamani. Rehema alikuwa anamsubiri kwenye kona na ndoo yake, ingawa hakuhitaji maji hayo. Waliipita chemchemi na mbuzi wake, wakavuka bonde, wakapanda ng'ambo na kushuka tena mpaka kwenye kijito cha upande wa pili, ambacho hakikuandikwa kwenye fomu yoyote. Wakati wa kurudi, pale kwenye mwamba, Rehema alitangulia akageuka.

"Shika mkono wangu. Hapo panateleza."

Bi Mwaisha alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa kibichi kisogoni. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanywa chote.

"Haya ni maji," alisema. "Mmetumia muda gani?"

Zuleha alitoa simu kifuani. Ilikuwa imehesabu tangu walipoondoka.

"Saa mbili," alisema. "Saa mbili kamili."

"Kumbe uliandika kweli."

Kutoka upande wa koki walisikia watu wanaitana. Bi Riziki, mwenyekiti, alikuwa ameanguka kwenye foleni akiwa ameshika kichwa, na walikuwa wanatafuta machela ya kumshusha zahanati. Rehema aliitua ndoo yake taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Huyo wa tatu kati ya saba," alisema.