Viraka Sita

Niseme ukweli: kupelekwa kufundishwa kufua niliona ni matusi. Nimefua tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Nimefua nguo za mama, za wadogo zangu, za mume aliyekuwepo na za watoto aliowaacha. Halafu afisa wa kadi za chakula cha msaada, mwanamume wa kalamu mbili mfukoni, ananitazama juu ya miwani na kuniambia nimepangiwa mafunzo ya udobi.

"Udobi," nikasema.

"Udobi wa kiwanda, mama. Tumeshirikiana na wenye kiwanda. Wao wanakufundisha kazi, sisi tunaendelea kukuwekea chakula kwenye kadi."

"Na nisipokwenda?"

Akaigeuza karatasi niisome mwenyewe. Saa themanini kila mwezi, zitiwe sahihi na msimamizi. Zikipungua, kadi inafungwa miezi mitatu. Ukiondolewa kwa kosa la kazi, miezi mitatu vilevile.

Kadi hiyo ndiyo iliyotulisha watu wanne: mimi, mama yangu na binti zangu wawili. Unga, maharage, mafuta, maziwa ya mdogo. Zamani nilikuwa fundi wa viraka. Nilikaa na cherehani yangu barazani kwa muuza vitambaa, na watu waliniletea suruali zilizochanika magoti na mashati yaliyofumuka kwapa. Siku hizi nguo ni rahisi, ikichanika mtu anatupa, anachukua nyingine. Basi kazi ikafa, nikaanza kuishi kwa kadi. Sikuipenda, lakini watoto hawali kiburi cha mama yao. Nikatia sahihi.

Kiwanda kilikuwa kinafua mashuka ya hospitali. Ukiingia, joto linakupiga usoni na makelele yanakuziba masikio, mashine za ukubwa wa chumba changu zinazunguka mfululizo. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwepesi wa miguu, na kwa sababu hakuna sauti ya binadamu inayosikika mle ndani, alivaa filimbi shingoni. Tulimwita Mama Filimbi, na yeye alijua. Akipuliza mara moja, simama. Mara mbili, njoo hapa. Mara tatu, kuna mtu kafanya upuuzi, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulikuwa wanafunzi saba, wote watu wa kadi. Mwenzangu wa meza alikuwa mpaka rangi mmoja aliyeanguka kwenye ngazi na kuumia bega, mcheshi, mdomo haufungi. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Bibi Sindano, kwa sababu mimi natembea na sindano mbili kwenye ukosi wa blauzi, na uzi kwenye mfuko wa aproni. Ni mazoea ya kazi, siwezi kuyaacha.

Kazi yetu mimi na yeye ilikuwa meza ya taa. Ni meza ya kioo yenye taa chini yake. Unatandaza shuka la upasuaji, la kijani, lile wanalomfunika mgonjwa akipasuliwa, na unatafuta mwanga. Penye tundu, hata la ukubwa wa punje ya mchele, mwanga unapenya. Ukiuona, shuka linakwenda kwenye pipa jekundu. Lisilo na tundu linakwenda kukunjwa, linafungwa kwenye furushi, linaingia kwenye tanuri la mvuke kuuliwa vijidudu, halafu gari la hospitali linakuja kuchukua saa tisa mchana.

Na kila asubuhi, kabla hatujaanza, Mama Filimbi alikuja mwenyewe mezani na kuyapitia mashuka tuliyokwisha kuyapitisha jana ambayo yalikuwa hayajafungwa. Alipitisha kiganja juu ya kila moja, taratibu, macho karibu yaguse kitambaa. "Hatuamini huyu," mpaka rangi alininong'oneza. Mimi nami niliona hivyo hivyo, na niliudhika.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Mashuka ya pipa jekundu yalikuwa yanakatwa matambara ya kupangusia sakafu. Shuka zima, kitambaa kizito, kizuri, hakina kosa lolote ila tundu moja dogo, linapigwa mkasi! Moyo uliniuma. Mimi niliyefunika wanangu shuka lenye viraka vinne, nikae nitazame? Jumatatu wakati wa chakula cha mchana nikatoa moja pipani. Nikakata kipande kidogo kwenye pindo la shuka lililokwisha kabisa, nikaweka kiraka, kona nimezikunja vizuri, mshono mdogo mdogo, hata mwenyewe nikajisifu. Hadi Jumatano nilikuwa na sita. Mchana ule niliyachomeka kwenye rundo la kukunjwa, wala sikujificha sana. Kwa kweli nilikuwa nangoja mtu aone anisifu. Hakuna aliyeona. Jioni ile ile yakafungwa, yakaingia tanurini, yangoje gari la kesho yake.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi, siku ya kutia sahihi karatasi za saa. Siku hiyo pia alikuja muuguzi wa chumba cha upasuaji kutufundisha, maana hospitali nayo ilikuwa kwenye ule ushirikiano. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, akaeleza kama anayeongea na wadogo zake. Shuka ni ukuta, alisema. Upande mmoja kuna kidonda kilicho wazi, upande wa pili kuna kila kitu kingine. Damu na maji vikipita kwenye tundu, vijidudu vinapita navyo, na mtu aliyekuja kutibiwa utumbo anaondoka na usaha tumboni. Wengine hawaondoki.

Mpaka rangi akaninyooshea kidole, anacheka. "Na Bibi Sindano akilishona tundu, je?"

"Akishona ni vibaya zaidi," muuguzi akasema. "Kila inapopita sindano ni tundu. Badala ya moja sasa unayo arobaini, na yamefichwa na uzi, hatuyaoni. Hayashonwi kabisa, mama."

Mpaka rangi alikuwa hajui kitu, yeye alikuwa anatania tu, akaendelea kutabasamu. Mimi nikaitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi. Vifurushi vilikuwa vimepangwa mlangoni, vinangoja gari.

Sitajifanya mwema. Kwanza nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia sita katika mashuka yote yale ni nini, huenda yakamfunika mtu mguu, huenda yakabaki kabatini. Nikafikiria kadi. Nikaona birika la mama na vikombe vya wanangu, na miezi mitatu. Karatasi yangu ya saa ilikuwa pale kwenye dawati la Mama Filimbi, saa themanini na mbili, inangoja sahihi tu. Dakika hamsini za kufunga mdomo zingenitosha. Halafu nikamfikiria huyo mtu wa kesho asubuhi, amelala pale hajijui, mama wa mtu, amefunikwa na kiraka changu ninachojisifia. Nikachukia dunia nzima, na nikaenda.

"Usitie sahihi kwanza," nikamwambia Mama Filimbi. Ilibidi nipige kelele, mashine zilikuwa zinanguruma. "Nimeshona sita. Yamo kwenye vifurushi vile."

Nikangoja matusi. Badala yake akaishika filimbi akapuliza, si mara moja wala mbili wala tatu, alipuliza mfululizo mpaka kiwanda kizima kikazimwa. Ule ukimya ulinitisha kuliko makelele.

"Gari lisipakie," akasema. "Vifurushi vyote virudi mezani. Vyote."

Mtu mmoja akauliza kwa nini. Akajibu, "Kwa sababu nimesema."

Tukafungua. Wanafunzi, wapiga pasi, hata dereva wa gari alipofika alivua koti akashika mkasi. Muuguzi alipiga simu hospitali kuwaambia mashuka yatachelewa. Mimi ndiye niliyewaonyesha cha kutafuta: "Msitafute mwanga. Tafuteni giza. Kiraka kinazuia taa, mtaona kiduara au kipembe cheusi." Hakuna aliyenisema, na mpaka rangi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa kimya. Nilitamani anitanie.

La kwanza likatoka, la pili, la tatu. Kabla ya saa kumi na moja tulikuwa tumemaliza furushi la mwisho, na juu ya dawati yalikuwepo mashuka tisa.

"Umesema sita," muuguzi akasema.

"Nimesema sita na ni sita." Nikapandwa na hasira. Nimekuja kusema mwenyewe, halafu nionekane mwongo! Nikayavuta yale mengine matatu chini ya taa. Uzi ulikuwa mkuukuu, umefifia kwa kufuliwa mara nyingi, na nilipoona mshono wenyewe nikaguna. "Haya si yangu. Mimi kona nazikunja, huyu kazikata mviringo kama biskuti. Na tazama, kafunga mafundo matatu mwishoni. Aliyeshona haya hajui kushona, jamani. Msiniweke mimi kwenye kazi hii."

"Ni mimi," Mama Filimbi akasema.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akavuta kiti akakaa, akaliweka shuka moja mapajani na kugusa mafundo yale kwa kidole gumba.

"Miaka minne iliyopita nilikaa kwenye meza hiyo hiyo, na kadi kama yako. Nilishona kumi na moja. Niliona uchungu yakikatwa. Halafu muuguzi wa wakati ule akaja akatuambia kama alivyowaambia huyu leo." Akaligeuza lile shuka mapajani. "Nilikuwa na watoto watatu. Nikafunga mdomo. Nikawa nayatafuta kimyakimya, moja moja. Niliyapata manane. Haya matatu nilishajiambia yalikwisha kufa zamani."

Ndipo nikaelewa zile asubuhi zote, kile kiganja juu ya kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sasa sikujua niiweke wapi chuki yangu.

"Na hukuwafundisha kutafuta viraka," muuguzi akasema taratibu.

"Ningewafundisha, wangeniuliza nimejuaje."

Akachukua fomu ya makosa ya kazi. Pale panapoandikwa jina la mhusika akaandika lake kwanza, juu, kwa herufi kubwa, halafu langu chini yake. Pembeni ya langu akaandika kwamba nimesema mwenyewe kabla gari halijapakia. Pembeni ya lake hakuandika kitu. Kisha akaivuta karatasi yangu ya saa, akaitia sahihi. "Saa umezifanya," akasema. "Hizo hakuna wa kukunyang'anya. Mengine wataamua wao."

Walichukua siku tisa kuamua. Siku tisa hizo sikula nikashiba, nilikuwa nalifundisha tumbo langu njaa mapema. Mama aliniona napima unga kwa kikombe kidogo, akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza. Akasema, "Umenitia njaa, lakini sikuoni vibaya." Nililia, sikuona aibu.

Siku ya kumi nikaitwa na afisa wa kadi. Alisoma barua ya kiwanda mara mbili, akabadilisha kalamu. Kwamba mwanafunzi alikuwa hajafundishwa sheria hiyo. Kwamba alijitokeza mwenyewe. Mafunzo yaendelee, kadi isifungwe. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dukani kuipitisha kadi kwenye mashine, nikahakikisha inasoma. Ilisoma. Nikanunua maziwa nikarudi nyumbani.

Kesho yake kiwandani filimbi ilikuwa shingoni mwa mtu mwingine. Mama Filimbi alikuwa amevuliwa usimamizi, amerudishwa kukunja mashuka, kazi ya wanafunzi. Wangeweza kumfukuza, watu walisema, na ashukuru. Mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili, mmoja kila upande, na yeye alikuwa amesimama peke yake na pindo mkononi. Wengine walijifanya wana shughuli. Nilijisikia vibaya, sifichi. Mimi nilifungua mdomo, yeye ndiye akavuliwa cheo, na kadi yangu ikabaki nzima.

Nikaenda nikashika upande wa pili.

"Ningenyamaza, ungekuwa bado na filimbi yako," nikamwambia.

"Ungenyamaza, yale matatu yangekuwa bado yanazunguka. Vuta, Bibi Sindano. Shuka limelegea."

Nikavuta.

Jumamosi alikuja kwangu na suruali ya shule ya mwanawe, goti limechanika. Mama alimpa kiti chake mwenyewe, cha karibu na dirisha. Nikamwonyesha jinsi ya kukunja kona za kiraka, nikamwachia ashone, na kwa kweli mkono wake ni mzito, lakini alijitahidi. Alipofika mwisho akafunga fundo, akafunga la pili, akafunga la tatu.

"Moja linatosha," nikamwambia.

Alilitazama goti lile kwa muda. Kisha akachukua sindano, akafungua mawili.